Gharama ya Jiwe la Jikoni

Jiko ni chumba ambacho wengi hufaidi matunda yake na wachache hukifikiria. Ajengaye nyumba huanza na sebule, kwa sababu ndiyo ipokeayo wageni. Jiko huachiwa fedha zilizosalia. Mimi na mwenzangu tuliafikiana kuigeuza desturi hiyo, tukatenga fungu la kufunika makabati ya jikoni kwa bamba la jiwe. Fungu hilo halikuwa kubwa. Mshahara wa mwalimu una wadai wengi, na ada za watoto huwatangulia wote.

Jambo la kwanza lililonikabili lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la fedha. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Dar es Salaam, marumaru aghalabu ni vigae vya sakafuni, navyo ni udongo uliochomwa. Katika vitabu, marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Aulizaye bei bila kueleza atakacho hutajiwa bei ya kitu kingine.

Marumaru ya kweli ni nzuri kwa macho, lakini ndimu, siki na ukwaju hula mng'ao wake. Katika jiko la pwani, ambamo samaki hupakwa ndimu karibu kila siku, uzuri huo hauna maisha marefu. Granaiti, jamaa ya majabali ya Mwanza, haiogopi ndimu wala sufuria ya moto. Hata hivyo ina vinyweleo vinywavyo mafuta na manjano, hivyo hupakwa dawa ya kuviziba. La tatu ni jiwe la kiwandani, chembe za kwatsi zilizoshikamanishwa kwa gundi. Hili halinywi kitu na rangi yake ni sawasawa, ila sufuria itokayo motoni huweza kuliunguza.

Baada ya sifa huja hesabu. Makabati yetu yalikuwa na urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 60, yaani mita za mraba 2.4. Granaiti ya eneo hilo yenye unene wa sentimita 3 ina uzito wa kilo 195 hivi. Yenye sentimita 2 ina kilo 130 hivi. Tena bamba huuzwa zima, na kipande kibakicho hulipiwa na mnunuzi. Kutoboa tundu la sinki, kulainisha kingo, kuunga na kusafirisha vyote vina bei yake. Tuligawa fedha mafungu matano: matatu ya jiwe, moja la fundi, moja la usafiri na dharura.

Hesabu hiyo ilinitosha mpaka nilipofika kwenye karakana. Kijana mmoja alikuwa akikata jiwe la kiwandani kwa mashine, mweupe kwa vumbi tangu nywele hata kope, puani amefunga kitambaa. Nilimwuliza kwa nini hatumii maji. Alijibu kwa upole, "Maji yanachelewesha kazi, mwalimu, na mteja anataka bei ya chini."

Vumbi lile ni silika. Likiwa jembamba hupenya kitambaa, hutua ndani kabisa ya mapafu na kuyakaza kwa makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Mengi ya mawe ya kiwandani yana silika ya sehemu 90 kwa 100 au zaidi, granaiti karibu na theluthi, marumaru kidogo sana. Kwa sababu ya mapafu ya wakataji, Australia ilipiga marufuku jiwe la kiwandani tangu tarehe 1 Julai 2024.

Tulichagua granaiti ya sentimita 2 badala ya 3. Makabati yaliweza kuibeba bila taabu, na tofauti ya bei tuliiongeza katika fungu la fundi, kwa sharti kwamba jiwe letu likatwe kwa maji na mkataji avae barakoa ya kazi hiyo. Granaiti nayo ina vumbi lake. Katika kupatana bei, mnunuzi ana haki ya kupunguza unene, urefu na urembo. Pumzi ya fundi si fungu la kupunguzwa.