Aliyetuonyesha Omar al-Mukhtar

Nyumbani kwetu Tanga, Omar al-Mukhtar hakuwa mtu wa vitabuni. Baba alikuwa na deki na kanda chache za video, na mbili kati ya hizo hakuwa akimwazima mtu: The Message na Lion of the Desert, zote za Moustapha Akkad. Sikukuu ya Idi, pilau ikishaliwa, watoto wa mtaa walijaa sebuleni, na baba, aliyejifunzia Kiingereza chake bandarini, akawa mkalimani wetu. Tulimjua yule mzee anayewafundisha watoto Kurani, kisha anapanda farasi kwenda kupigana na Waitaliano wenye vifaru. Tulimjua Jenerali Graziani na seng'enge zake. Ikifika sehemu ya kitanzi mama alikuwa akiinuka na kuondoka. Sisi tulibaki tukilia.

Nasimulia haya kwa kuwa fikra zangu zote juu ya Waislamu kushika silaha dhidi ya mvamizi zilijengwa na filamu hiyo, na zikaja kubadilishwa na kifo cha mtu aliyeitengeneza.

Historia yenyewe haikutiwa chumvi sana. Italia ilishuka Libya mwaka 1911, na Novemba 1 ya mwaka huo rubani wake alirusha mabomu kwa mkono huko Ain Zara, karibu na Tripoli. Hayo ndiyo mabomu ya kwanza kurushwa kutoka kwenye ndege katika vita. Omar al-Mukhtar, mwalimu wa zawiya, yaani vyuo vya dini, za tarika ya Sanusiyya, aliongoza mapambano ya milima ya Jabal al-Akhdar tangu mwaka 1923. Waitaliano walipomshindwa milimani waliwageukia wafugaji waliokuwa wakimlisha: watu wapatao 100,000 waling'olewa makwao wakafungiwa kambini jangwani, na makumi ya maelfu wakafia humo kwa njaa na maradhi. Mpaka wa Misri ukazungushiwa seng'enge ya kilomita 270 hivi. Mzee alikamatwa Septemba 11, 1931 na kunyongwa siku tano baadaye pale Suluq, mbele ya watu wake walioletwa kutoka kambini kushuhudia. Alikuwa amepita miaka 70. Kwa Waitaliano, yeye na wenzake walikuwa waasi na majambazi, na jeshi lao lilikuwa limepeleka ustaarabu.

Basi ilipofika mwaka 2003, mimi nikiwa mwalimu wa historia, sikuhitaji mtu wa kunieleza kinachotokea Iraki. Februari 5 nilimwona Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mbele ya Baraza la Usalama akiwa ameshika kichupa kidogo, akiueleza ulimwengu habari za silaha za maangamizi. Aprili 9 sanamu la Saddam likaangushwa katika uwanja wa Firdos, Baghdad, na kwenye televisheni ilionekana kama mji mzima umemiminika kushangilia. Baadaye nikaona picha zilizopigwa kutoka mbali: watu walikuwa kikundi, na sehemu kubwa ya uwanja ilikuwa tupu. Wakaguzi wa Marekani yenyewe wakaripoti mwaka 2004 kwamba shehena za silaha zile hazikuwepo. Nikakumbuka pia yule msichana wa Kuwait, Nayirah, aliyelia mbele ya wabunge wa Marekani Oktoba 1990 akisimulia askari wa Iraki walivyowatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto na kuwaacha wafe sakafuni. Vita ya kuwaondoa Wairaki Kuwait ilikuwa imekwisha ilipofahamika kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya uhusiano. Kisha, Aprili 2004, zikatoka picha za gereza la Abu Ghraib. Sina haja ya kuzieleza; aliyeziona hajazisahau.

Miezi hiyo ndipo CD zilipoanza kupita mikononi mwa watu baada ya swala ya Ijumaa. Picha zake zilitetemeka: barabara ya vumbi, gari la kijeshi linakuja taratibu, kaswida nzito isiyo na ala, halafu mlipuko na takbira. Kaka yangu alileta kadhaa nyumbani. Katika kila gari lililolipuka tulimwona Graziani. Hatukujua anayepiga picha ni nani, anataka nini, na akishamaliza kupiga anaenda kufanya nini kwingine. Alikuwa anampiga mvamizi, basi alikuwa wetu.

CD zile hazikuwa na habari za Machi 2, 2004, siku ya Ashura, mabomu yalipoua mahujaji wa Kishia zaidi ya 140 Karbala na Kadhimiya. Hazikuwa na habari za Ayatullah Muhammad Baqir al-Hakim, aliyeuawa kwa bomu la gari Agosti 2003 akitoka kuswalisha Ijumaa Najaf, yeye na makumi ya waumini. Habari hizo zilipofika barazani, jibu lilikuwa limeshaandaliwa: huo ni mkono wa Wamarekani, wanataka kutugombanisha. Jibu hilo lilitutosha. Nalo halikuwa geni kwetu. Agosti 1998, mabomu ya kwenye balozi za Marekani yalipoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao Waafrika waliokuwa kwenye shughuli zao, niliyasikia maneno hayohayo.

Usiku wa Novemba 9, 2005, watu waliojifunga mabomu waliingia katika hoteli tatu za Amman, Jordan. Katika mojawapo kulikuwa na harusi. Bibi harusi alipoteza baba na mama. Katika nyingine, Moustapha Akkad alikuwa ameteremka ukumbini kumpokea bintiye Rima, aliyewasili kwa ajili ya harusi nyingine. Rima alikufa palepale. Baba yake alifariki siku mbili baadaye. Alikuwa na miaka 75, mzaliwa wa Aleppo. Al-Qaeda ya Iraki, kundi la Abu Musab al-Zarqawi, ilitangaza kwamba kazi ile ilikuwa yake.

Baba aliisikia habari redioni. Aliniita, akaniuliza kama ni Akkad yuleyule. Nikamwambia ndiye. Akauliza, "Nani kamuua?" Kaka alikuwa amekaa mlangoni, na mimi nilikuwa nimesimama. Nikamtajia jina la kundi. Baba aliyarudia maneno yangu polepole, kisha akasema, "Hao ndio wa kwenye CD zenu?"

Safari hii lile jibu la barazani halikupita. Wenyewe walikuwa wamejitangaza. Siku chache baadaye televisheni ya Jordan ilimwonyesha Sajida al-Rishawi, aliyeingia harusini na mumewe na ambaye bomu lake halikulipuka. Alisimama na mkanda wa mabomu juu ya baibui, kichwani mtandio mweupe kama ninaovaa kwenda darasani. Nilimtazama mwanamke yule, nikawafikiria wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele ukumbini alipoingia. Kisha Zarqawi akatoa kauli kwa sauti yake: hawakuikusudia harusi, walikuwa wanawalenga majasusi. Mwalimu wa historia anaijua kauli hiyo. Ndiyo inayotolewa na kila jeshi baada ya ndege zake kupiga harusi za watu.

Nilirudi kwenye dini yangu kutafuta sheria, jambo ambalo CD hazikuwahi kunihimiza. Nilichukua tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokuwa kabatini kwa baba, nikasoma sura ya Al-Hajj pale ruhusa ya kupigana inapotolewa kwa waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao. Ruhusa ipo, tena wazi, wala sijaiacha. Kisha nikasoma Al-Baqara, ambapo amri ya kupigana na wanaokupiga inafuatwa hapohapo na katazo la kuvuka mipaka. Nikasoma Al-Maida, inayokataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Mtume (S.A.W.) alipoona maiti ya mwanamke katika moja ya vita alikemea, akakataza kuua wanawake na watoto. Sayyidna Abubakar alipotuma jeshi kwenda Sham aliliwekea makatazo: wasiuawe wanawake, watoto wala wazee, wasiguswe watawa katika mahali pao pa ibada, isikatwe miti ya matunda. Yapo katika Muwatta ya Imam Malik. Hayo hayakuandikwa na mtu wa amani aliyekaa kivulini. Yalisemwa na kiongozi wa dola changa iliyokuwa inapeleka watu wake kukabiliana na Warumi.

Ndipo nikaitazama upya filamu ya Akkad, nikaona sehemu niliyokuwa naipita tangu utotoni. Wapiganaji wanamshika ofisa kijana wa Kiitaliano. Wenzao wanauawa wakitekwa, kwa hiyo wanataka naye auawe. Omar al-Mukhtar anakataa katakata, hataki adui awe mwalimu wake, na kijana anaachiwa aende zake. Sijui kama tukio hilo lilitokea hivyo hasa huko milimani. Lakini Akkad alichagua kuliweka, na baba alikuwa akilitafsiri kila mwaka kwa sauti ileile nzito, nasi tukisubiri farasi.

Filamu yenyewe nayo ilikuwa na mwenyewe. Fedha zake zilitoka kwa Gaddafi, mtawala wa Libya aliyewanyonga wanafunzi hadharani huku akijipamba kwa jina la shahidi aliyenyongwa na Mwitaliano. Italia iliizuia mwaka 1982 kwa kuwa inavunjia heshima jeshi lake. Gaddafi alipokwenda Rome mwaka 2009 alishuka kwenye ndege akiwa amebandika kifuani picha ya Omar al-Mukhtar aliyekamatwa, na miaka miwili baadaye waliomwondoa Gaddafi walibeba picha ya mzee huyohuyo mabarabarani. Kila anayetaka kuaminiwa anamwazima.

Hilo ndilo lililonibadilisha namna ninavyozisikiliza habari za vita, na ndilo ninaloliona gumu zaidi kuwaeleza wanafunzi. Propaganda yenye nguvu haitegemei uongo mtupu. Inashika ukweli mmoja na kuufanya uzibe mwingine. Picha za Abu Ghraib zilikuwa za kweli, na waliozitumia kuwavuta vijana wakalipue harusi hawakuhitaji kuongeza neno. Mwaka 2005 ilitangazwa barua iliyotajwa kuwa ya Ayman al-Zawahiri, naibu kiongozi wa al-Qaeda, kwenda kwa Zarqawi. Kundi la Iraki liliikana. Ndani yake mwandishi anasema zaidi ya nusu ya vita hivi inapiganwa kwenye vyombo vya habari, na anamwonya mwenzake kwamba picha za mateka wanaochinjwa zinawachukiza Waislamu wa kawaida. Mwaka huohuo ikafichuka kwamba jeshi la Marekani lilikuwa likilipa, kupitia kampuni ya kukodi, magazeti ya Baghdad yachapishe makala yaliyoandikwa na askari wake kana kwamba ni ya waandishi wa Iraki. Pande zote mbili zilikuwa zikinigombea mimi, mtazamaji wa Tanga.

Mfano wa karibu ninao, Pangani. Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa huko Desemba 15, 1889, baada ya kuongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani. Januari ya mwaka huo Bunge la Ujerumani lilitenga maki milioni 2 kwa ajili ya vita hivyo, na sheria ikasema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Nikifundisha somo hili nawaambia wanafunzi mambo yote mawili: Wajerumani walikuja kuchukua pwani, na Abushiri alikuwa mwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Wapo wazazi waliolalamika kwamba namvunjia heshima shujaa. Mimi naona hivi: mtoto asiyeambiwa habari za watumwa wa Abushiri atakuja kuzisikia kwa mtu mwingine, na mtu huyo atazitumia kumshawishi kwamba Wajerumani walikuwa na haki.

Siku hizi CD hakuna, ni simu. Mwaka juzi mpwa wangu aliniletea video ya watoto wamefunikwa vumbi la jengo lililobomolewa, ikiwa na maandishi kwamba ni Gaza usiku wa jana. Tulikaa tukaitazama mara kadhaa. Nikamwonyesha kibao cha duka nyuma ya mtu aliyekuwa amembeba mmoja wao. Tukautafuta mtaa wa duka hilo, tukaukuta Aleppo, video ni ya miaka ya nyuma, na waliobomoa jengo ni serikali ya Waarabu wenzao. Alikasirika. "Shangazi, kwani Gaza hawafi?" Wanafa, nikamwambia, na watoto waliokufa Gaza wana majina yao na picha zao, ukiwaazimia maiti wa Aleppo unamrahisishia kazi yule anayetaka kusema hakuna aliyekufa. Na hawa wa Aleppo nao, nani atawalilia kwa jina la mji wao? Aya ya sita ya Al-Hujurat inatuamuru tuchunguze habari tusije tukadhuru watu kwa ujinga. Aliifuta, akaandika kwenye kundi lao kwamba haikuwa Gaza. Wawili wakamwita msaliti.

Kaka yangu hajakubaliana nami mpaka leo. Hoja yake si ya kupuuzwa. Anasema masharti haya yanamfunga mnyonge mikono: mwenye ndege anaua mia halafu anaomba radhi, asiye nayo anaambiwa asome Muwatta. Namjibu kwamba Omar al-Mukhtar alikuwa na bunduki na farasi mbele ya ndege na gesi ya sumu, na watu wake wakiwa kambini, wala hakuna anayemsimulia kwamba alilipua soko la Waitaliano. Ananijibu kwamba ndiyo maana alinyongwa. Namwambia waliolipua soko nao wameuawa, Zarqawi aliuawa kwa mabomu ya ndege Juni 2006, na Iraki waliyoiacha ni ya Wasunni na Washia kuwindana mtaa kwa mtaa, hasa baada ya msikiti wa al-Askari kulipuliwa Samarra Februari mwaka huo. Hapo ndipo tunapokwama. Yeye anasema vita hiyo ililetwa na mvamizi, na bila uvamizi isingekuwepo. Nakubali isingekuwepo. Ninachokataa ni kwamba, kwa sababu hiyo, aliyebeba bomu hadi msikitini atahesabiwa kuwa mikono yake mitupu.