Kuchomeka si kupachika



Mliokuwa mnauliza kama TP imenimeza, jibu ni ndiyo. Chuo kimetutawanya nchi nzima, mimi nimeangukia Bariadi. Kwa wale wa Jiografia ya kudesa: Simiyu kwa sehemu kubwa ulikuwa ndani ya Shinyanga mpaka mwaka 2012 ulipokuwa mkoa, na Bariadi ndiyo makao makuu. Ukitoka Mwanza unapita barabara ya Musoma hadi Lamadi, pale ziwani, halafu unakata kulia. Pamba, mahindi, ng'ombe, vumbi, na watu wakarimu kupita kiasi. Bumu halijaonekana lakini michembe ipo, kwa hiyo silii.

Leo nataka kuongelea flashi. Najua mtacheka, maana hapa nafundisha Historia na Kiswahili. Ila shuleni ukishajulikana kuwa "mwalimu wa TP anajua kompyuta", umekwisha.

Ofisi ya taaluma kuna kompyuta moja ya mezani inayotumia Linux. Aliiweka mtu fulani zamani, akahama. Walimu wanaipenda kwa sababu moja: virusi. Mnavijua vile vya steshenari, unachomeka flashi, ukirudi folda zako zote zimegeuka shotikati. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye hii haviwaki. Unafungua flashi iliyoliwa, unaonyesha mafaili yaliyofichwa, unakuta kazi yako imekaa kimya tu.

Sasa Jumatano mwalimu wa taaluma akaniita. "Mwalimu wangu, hebu njoo uone maajabu." Sauti yake haikuwa ya maajabu. Alama za midterm za kidato cha pili, mikondo minne, wanafunzi 212, hazipo. Alikaa siku mbili kuziingiza. Alizihifadhi kwenye flashi kwa mkono wake, kompyuta haikulalamika, akafungua flashi kuhakikisha, hamna kitu. Kikao cha wazazi Ijumaa. Karatasi za mitihani zilisharudishwa kwa wanafunzi, na hii ni shule ya kutwa, kwa hiyo nyingine saa hizi zimeshafungiwa karanga huko vijijini. Wenzake wakaanza kusema flashi mbovu, anunue nyingine. Mmoja akasema kuna mtu kazifuta makusudi. Hapo ndipo niliposhtuka, maana maneno kama hayo yanabomoa ofisi.

Kabla sijaendelea, somo dogo. Mimi ni mwalimu, mtanivumilia.

Kuna kuchomeka na kuna kupachika. Kuchomeka ni kazi ya mkono: flashi inaingia kwenye tundu. Kupachika ni kazi ya kompyuta: inaamua yaliyomo kwenye flashi yaonekane wapi. Windows inagawa herufi. A na B ziliachiwa flopi, C hadi diski, flashi zinapata E, F, kadiri zinavyofika. Ndiyo maana steshenari wanakuuliza, "Iko F?" Linux haina herufi. Inafuata mila ya Unix, mti mmoja tu wa folda kuanzia shina, na kila kifaa kinapachikwa kwenye tawi fulani, kama mpini unavyopachikwa kwenye jembe. Tangu mwaka 2004 kanuni ya mpangilio wa folda za Linux ilitenga tawi la /media kwa vitu vya kuchomeka na kuchomoa. Tawi la /mnt likabaki la fundi akitaka kupachika kitu kwa muda.

Sasa shikeni hapa. Mahali pa kupachikia ni folda ya kawaida tu. Flashi ikipachikwa juu yake, unaona vya kwenye flashi. Kama ndani ya folda hiyo kulikuwa na vitu, havifutiki, vinafunikwa. Ni kama kutandika mkeka juu ya noti ya elfu kumi. Utaitafuta nyumba nzima, utamgombeza mtoto wa jirani, na wewe umeikalia.

Tukarudi kwenye kompyuta. Nilifungua programu ya kuingizia alama nikatazama orodha ya mafaili ya karibuni. Lile faili lilikuwepo, na njia yake ilianza na /media/usb0. Nikamuuliza, "Mwalimu, ulihifadhi kabla ya kuchomeka flashi au baada?" Akafikiri. "Kabla. Nikichomeka kwanza huwa inakataa kuhifadhi. Sote tunajua hapa."

Kumbe! Nikafungua faili linaloitwa /etc/fstab, ambalo ni daftari la kompyuta la kupachikia. Kulikuwa na mstari huu:

/dev/sdb1 /media/usb0 auto rw,user,noauto 0 0

Maana yake: kifaa cha pili kikija, sehemu yake ya kwanza ipachikwe /media/usb0. Mstari wa namna hii unaweza kubaki pale kompyuta ilipowekewa mfumo kwa kutumia flashi. Ubaya wake ni miwili. Kwanza, folda ya usb0 ipo muda wote, flashi iwepo isiwepo. Pili, flashi nyingi ni za FAT, na FAT haijui habari za mwenye faili, kwa hiyo mfumo ndio unaoweka mwenyewe. Hapa flashi ilikuwa inapachikwa kwa jina la mkuu wa mfumo, root. Walimu wakisoma, sawa. Wakiandika, wanakataliwa.

Mtu akajaribu kutibu. Aliifungulia folda ya usb0 ruhusa zote, ile 777, akaweka njia yake kwenye desktopu kwa jina FLASHI. Lakini ruhusa hizo ni za sakafu, si za mkeka. Flashi ikipachikwa, bado inakataa. Ikiwa haipo, folda inapokea kila kitu kwa furaha na kukiweka kwenye hadi diski. Mwalimu anaona neno FLASHI, anahifadhi, anachomeka, anabofya, mkeka unatandikwa juu ya alama za watoto 212.

Nikaipachua flashi. Nikafungua folda ya FLASHI ikiwa tupu bila kitu tunduni. Zilikuwepo zote, mikondo minne, pamoja na mitihani ya mwaka juzi ambayo walishaichapa upya. Mwalimu wa taaluma hakusema kitu. Alikaa, akavua miwani, akafuta. Halafu akaagiza chai ya ofisi nzima, hata ya yule aliyesema zimefutwa.

Tiba ilikuwa fupi. Tulihamishia mafaili kwenye folda ya taaluma, tukaweka alama ya # mwanzoni mwa ule mstari ili usisomwe, tukafuta njia ya desktopu, tukawasha upya. Sasa flashi ikichomekwa kompyuta inatengeneza folda yenyewe, /media, kisha jina la mtumiaji, kisha jina la flashi, na mtumiaji ndiye mwenyewe. (Kwenye Fedora ni /run/media, mambo ni yale yale.) Ukiipachua, folda inaondoka. Hakuna flashi, hakuna mahali pa kudondoshea kazi.

Kwa mnaotumia Linux, au mtakaoikuta shuleni, chukueni haya:

1. Ipe flashi yako jina. FAT inakubali herufi 11. Flashi mbili zenye jina moja zikiingia pamoja, ya pili inaongezewa namba mwishoni, na hapo ndipo watu wanapofuta ya mwenzao.

2. Pachua kabla ya kuchomoa. Kompyuta ikisema imemaliza kunakili, mara nyingi sehemu bado iko kwenye kumbukumbu inasubiri kuandikwa. Ikikataa kupachua, kuna faili liko wazi. Lifunge kwanza.

3. Ukiwa na shaka andika findmnt kwenye teminali. Inakuonyesha nini kimepachikwa wapi. Kama flashi yako haimo, unapoandikia si flashi.

Pale Mlimani mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi nzuri. Ila menyu ya Kiswahili pekee haitoshi, ni lazima na sisi walimu tueleze kinachotokea nyuma ya neno. Wanafunzi wetu wanakariri "chomeka flashi kwenye tundu la USB" na wanapata vema. Nusu ya pili ya jambo hawaambiwi, na ofisi ile karibu igombane kwa sababu ya hiyo nusu.

Haya, supavaiza anakuja Jumatatu na andalio la somo sijaanza. Niombeeni.