Barua za Yaya na Mdogo Wake

Mama yangu anakaa hapa kambini Kinama, Muyinga. Mdogo wake aliolewa Gitega, anauza nyanya na vitunguu sokoni. Kati yao kuna barabara ya Karuzi, na kwa hii shida ya mafuta unaweza kungoja gari mpaka uchoke. Simu wanazo. Lakini jambo zito wanaliandika.

Walianza na karatasi ya Msalaba Mwekundu, tulipokimbia kutoka upande wa Uvira na kila mmoja alikuwa hajui mwenzake kavukia wapi. Ile karatasi wengi tunaijua: inasafiri wazi, na inataka habari za familia tu, si siasa wala vita. Basi wakazoea kuandika hivyo. Maharage yameota. Mtoto ameota meno. Mama hakusoma, mimi ndiye mwandishi wake tangu darasa la sita. Siku moja mama mdogo aliandika kwamba kile kitenge cha mama yao sasa anacho yeye. Mimi nikasoma, nikapita. Mama akasema ngoja, akaketi chini. Kitenge kile mwenyewe hakumpa mtu angali hai.

Mwaka huu barua zinamhusu mdogo wangu, ana miaka 13. "Yaya, nyumba ni kubwa, sina wa kunichotea maji." Nyumba yenyewe vyumba viwili! Anaomba mtoto aende akasome Gitega. Mama akajibu habari za mbuzi. Barua ya pili, mbuzi tena.

Mimi nafanya kazi na vijana, naona wasichana wanavyoacha shule mmoja mmoja, ningemwachilia aende hata leo. Mama anaogopa siku ya kuhesabiwa: jina likiitwa na mtoto hayupo, itakuwaje? Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, fomu yenu inauliza watu wangapi wanalala nyumbani. Mama mdogo hamo, na ndiye anayetununulia madaftari.

Juzi Mama kaniita nije na kalamu.

"Andika: mbuzi mdogo ameacha kunyonya."

Nikamtazama.

"Andika tu. Na umuulize kama huko Gitega kuna majani ya kutosha."

Barua iko kwa dereva, inangoja mafuta.