Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Mashabiki, Usalama na Marufuku ya Wageni Viwanjani

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huu umesimama juu ya imani kwamba ugeni ni heri na kwamba anayebisha hodi huja na baraka ambayo mwenye nyumba hawezi kujipatia peke yake. Katika ulimwengu wa kandanda imani hiyo imekuwa na nafasi yake tangu jadi. Timu ngeni huandamana na mashabiki wake, nao hutengewa pembe yao jukwaani. Kanuni za shirikisho la soka la Ulaya, mathalani, humtaka mwenyeji awatengee wageni angalau asilimia 5 ya nafasi za uwanja. Nyimbo za wenyeji huhitaji wa kuzijibu, na utani hauwi utani pasipo mtani. Hata hivyo, mechi inapogubikwa na siasa, swali huzuka ambalo wahenga hawakuliacha na jawabu lililo tayari: je, mgeni aje, au abaki kwao?

Kisa cha Birmingham, Uingereza, kimelichochea swali hili upya. Tarehe 16 Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba mashabiki wa Maccabi Tel Aviv ya Israeli hawangeruhusiwa kuingia Villa Park tarehe 6 Novemba, siku ambayo timu yao ingecheza na Aston Villa katika Ligi ya Europa. Uamuzi huo ulitolewa na kamati ya ushauri wa usalama ya jiji, ambayo nayo iliegemea tathmini ya polisi wa West Midlands waliosema kuwa mechi hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Vita vya Gaza vilivyoanza mwaka 2023 vilikuwa vimeigeuza kila safari ya klabu hiyo kuwa jambo la kisiasa. Waziri Mkuu Keir Starmer aliupinga uamuzi huo hadharani. Siku nne baadaye klabu yenyewe ikatangaza kwamba hata ikipewa tiketi haitazichukua, kwa kuhofia usalama wa watu wake. Mechi ikachezwa chini ya ulinzi wa polisi zaidi ya 700, waandamanaji wa pande mbili wakiwa nje, na Villa ikashinda mabao 2-0. Pembe ya wageni ilibaki bila wageni.

Mjadala uliozuka miongoni mwa mashabiki haukuwa wa wajinga na werevu. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na uzito wake.

Walioiunga mkono marufuku walishikilia kuwa tahadhari ni kabla ya hatari. Walikumbusha yaliyotokea Amsterdam mnamo Novemba 2024, Maccabi ilipocheza na Ajax. Kabla ya mechi baadhi ya mashabiki wageni walirarua bendera za Palestina, wakashambulia teksi na kuimba nyimbo za chuki dhidi ya Waarabu; na baada ya mechi, mashabiki wa klabu hiyo walivamiwa mitaani na makundi ya watu, baadhi yao wakiwa juu ya skuta, hata watu 5 wakapelekwa hospitalini. Fauka ya hayo, tarehe 19 Oktoba 2025, siku tatu tu baada ya tangazo la Birmingham, mechi ya watani wa jadi wa Tel Aviv, Hapoel na Maccabi, ilifutwa kabla ya kuanza kwa sababu ya ghasia. Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma, ndivyo walivyosema kwa maneno yao. Kwao, mzazi anayempeleka mwanawe uwanjani ana haki ya kumrejesha nyumbani akiwa mzima, na haki hiyo haina budi kutangulia raha ya mgeni.

Waliopinga nao hawakukana kwamba hatari ipo. Waliuliza tu ni nani anayebebeshwa mzigo wake. Methali ya samaki mmoja akioza inafaa sokoni, walihoji, lakini je, inafaa mahakamani? Shabiki ambaye hajawahi kurusha hata chupa, aliyejiwekea akiba ya nauli kwa miezi, anaadhibiwa kwa kosa la mtu ambaye hamjui. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Aidha, walisema, mgeni akizuiwa kwa sababu wapo wanaotaka kumdhuru, basi anayetisha ndiye aliyeshinda, na anayetishwa ndiye aliyefungiwa mlango. Na kwa Myahudi wa Birmingham anayeishi mwendo mfupi tu kutoka uwanjani, tangazo hilo lilisikika kana kwamba mji wake haukuwa tayari kumlinda.

Mjadala huu ulichukua sura nyingine mnamo Januari 2026. Ukaguzi rasmi wa kazi ya polisi ulibaini kwamba tathmini iliyowafungia wageni mlango ilikuwa na kasoro nzito. Polisi walikuwa wametia chumvi hatari iliyotokana na mashabiki wa Maccabi, na kuipunguza ile iliyowakabili mashabiki hao. Walikuwa na jawabu kwanza, ndipo wakatafuta ushahidi wa kulitegemeza. Kibaya zaidi, waraka wao ulitaja mechi ya awali baina ya Maccabi na West Ham ambayo haikuwahi kuchezwa. Mechi hiyo ilikuwa imebuniwa na programu ya akili mnemba, na hakuna aliyejishughulisha kuihakiki. Mkuu wa polisi wa eneo hilo alistaafu katika mwezi huohuo.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Shabiki wa Uingereza ana sababu ya kuutilia shaka waraka wa polisi. Mwaka 1989 huko Hillsborough, mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa jukwaani, na idadi ya waliokufa kutokana na mkasa huo imetambuliwa kuwa watu 97. Kwa miaka mingi mashabiki wenyewe ndio waliosingiziwa kuwa chanzo, hadi mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Walioangaliwa kama tishio walikuwa watu waliohitaji kulindwa. Mamlaka inapomtazama shabiki kama mhalifu tangu mwanzo, huacha kuona lango lililo finyu, ngazi isiyotosha na pumzi inayokatika.

Kwa anayetaka kujua kama marufuku huleta amani, Argentina ni shule. Mnamo Juni 2013 shabiki wa Lanús aliuawa kwa risasi ya mpira ya polisi katika mechi iliyochezwa La Plata, na baada ya hapo mashabiki wageni wakapigwa marufuku katika mechi za ligi. Ghasia hazikukoma, kwa maana magenge yanayotawala majukwaa huko hugombana hata yenyewe kwa yenyewe. Kisha ikaja fainali ya Copa Libertadores ya mwaka 2018 kati ya River Plate na Boca Juniors. Mkondo wa pili ulipangwa kuchezwa Buenos Aires tarehe 24 Novemba bila shabiki hata mmoja wa Boca uwanjani. Basi la wachezaji wa Boca lilipigwa mawe njiani, vioo vikavunjika, wachezaji wakaumia. Mgeni wa jukwaani alikuwa amezuiwa, lakini barabara haikuwa imelindwa. Mechi ikahamishiwa Madrid, ikachezwa tarehe 9 Desemba mbele ya watu zaidi ya 62,000, mashabiki wa River na wa Boca wakiwa katika uwanja mmoja. Waliodhaniwa kuwa hawawezi kukaa pamoja kwao, walikaa pamoja ugenini. Si ajabu basi kwamba mwaka 2025 Argentina ilianza majaribio ya kuwarejesha wageni katika baadhi ya mechi.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba hoja ya usalama ni kisingizio kitupu. Misri inakataza wepesi huo. Tarehe 1 Februari 2012 mjini Port Said, baada ya Al Masry kuifunga Al Ahly mabao 3-1, mashabiki wageni walivamiwa na watu 74 wakafa, wengi wao wakibanwa mbele ya lango lililofungwa. Vijana wa Al Ahly walikuwa mstari wa mbele katika mapinduzi ya mwaka 2011, na wengi waliamini kwamba walikuwa wakilipizwa kisasi. Yeyote aliyempoteza mwana usiku ule angetamani safari ile ingalipigwa marufuku. Lakini dawa iliyofuata ilikuwa kuwafungia mashabiki nje kwa muda mrefu. Na waliporuhusiwa kwa idadi ndogo mjini Cairo tarehe 8 Februari 2015, takriban mashabiki 20 wa Zamalek walikufa wakijaribu kuingia uwanjani kupitia njia nyembamba iliyozungushiwa vyuma, vitoa machozi vikiwa vimefyatuliwa. Hapakuwa na ugomvi wa mgeni na mwenyeji hapo. Palikuwa na lango.

Msomaji wa Kenya halihitaji darubini kuliona lango hilo. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu 7 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo, Gor Mahia ilipopambana na AFC Leopards. Ni mechi iliyobeba siasa na ukabila kwa miongo mingi, kiasi kwamba serikali ilipopiga vita majina ya kikabila, klabu iliyoitwa Abaluhya ililazimika kutafuta jina jingine. Lakini lugha ya mashabiki imeipa mechi hiyo jina lenye hekima kuliko amri yoyote: debi ya mashemeji, kwa kuwa jamii zinazohusishwa na klabu hizi zimeoana tangu zamani. Shemeji hutaniwa, hukejeliwa, pengine hata hununiwa, hafukuzwi harusini. Tena katika uwanja ambao timu zote mbili huutumia, nani ataitwa mgeni? Waliokufa Nyayo hawakuuawa na shemeji zao.

Kutokana na mifano hii, hoja ya kuegemea inajitokeza. Marufuku yaweza kuhitajika, kama vile daktari anavyoweza kulazimika kukata kidole ili kuuokoa mkono. Lakini daktari huonyesha kidonda. Mamlaka inayomzuia shabiki inapaswa kuuweka ushahidi wake mahali ambapo shabiki anaweza kuuhoji, itaje siku ambayo marufuku itakoma, imfuate mkosaji kwa jina badala ya kuliadhibu taifa au kabila, na iyapime malango kabla ya kuzipima itikadi za watu. Ikishindwa kufanya hayo, haitakuwa imeondoa hatari, bali itakuwa imewaondoa mashahidi wake tu.

Mwenyeji anayemfungia mgeni mlango huenda akalala salama usiku mmoja. Asubuhi itambidi aeleze ni nani aliyemwambia kwamba mgeni alikuja na kisu, na kama msemaji huyo alikiona kisu chenyewe.