Saa ya Otomatiki Inapoanza Kulia: Lindi na Ughaibuni

Saa ya mkono ya otomatiki haina betri. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, kiitwacho rota, ambacho huzunguka kila mkono unapotikisika na kuikaza springi kuu. Ndiyo maana mvaaji hana haja ya kuitia ufunguo kila asubuhi. Springi huachia nguvu kidogo kidogo kupitia magurudumu mpaka kwenye gurudumu la mizani, linalocheza huku na huku, na kila linapocheza husikika ule mlio wa tiki tiki. Saa nyingi za kisasa za bei ghali hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde. Seiko 5, iliyoanza kuuzwa 1963, nyingi hupiga 21,600, sawa na 6 kwa sekunde.

Kwa hiyo saa isiyo na hitilafu ina sauti mbili za halali: tiki, na mvumo wa rota. Asiyejua hili huogopa bure. Mashine ya Valjoux 7750, ya miaka ya 1970, ambayo kampuni za saa za Breitling na IWC zimewahi kuitumia, hukaza springi rota ikizunguka upande mmoja tu. Ikigeukia upande wa pili huzunguka huru, kwa kasi, hata mkono ukahisi mtetemo. Huo si ugonjwa. Seiko hukaza pande zote mbili na haina vurugu hiyo, na aliyeizoea Seiko akinunua saa yenye 7750 hudhani ameuziwa kitu kibovu.

Mlio wa shida hutafutwa kwa kuisimamisha saa wima karibu na sikio, mahali palipotulia, kisha kuigeuza polepole kama mtu anayegeuza usukani. Rota nzima huteleza hadi chini kwa mvumo laini. Iliyochakaa gololi zake husita, kisha huanguka ghafla kwa mkwaruzo. Iliyolegea skrubu huinama na kugusa mfuniko wa nyuma, na hapo ushahidi hauhitaji hata sikio: mfuniko ukifunguliwa, upande wa ndani huonekana mstari mwembamba wa mviringo unaong'aa, na pembeni mafuta yamekuwa meusi kwa unga wa chuma. Kitu kikichakacha kama punje ya mchele ndani ya kopo, ni skrubu iliyotoka. Saa ivuliwe palepale, maana skrubu hiyo ikiingia kati ya magurudumu huvunja meno.

Dalili nyingine hujitokeza wakati wa kuitia ufunguo kwa mkono. Rota ikizunguka yenyewe kwa fujo huku kitufe cha pembeni kikikazwa, vigurudumu vya kugeuza mwelekeo vimekauka au vimenata. Ama tiki yenyewe ikichechemea, pigo moja refu na jingine fupi, gurudumu la mizani halikukaa katikati yake. Saa ikikimbia dakika nyingi kwa siku, pengine imeingiwa na usumaku na mizunguko ya springi nyembamba kama unywele imeshikana. Kuondoa usumaku ni kazi ya dakika moja kwa mwenye kifaa chake.

London au Geneva, mlio huo husikilizwa na mashine. Mwenye saa huikabidhi kaunta, hujaza fomu na kuondoka. Karakana huiweka saa juu ya kipokea sauti kidogo, na kioo cha mashine huonyesha inazidi au kupungua sekunde ngapi kwa siku, pia gurudumu la mizani linazunguka digrii ngapi. Saa yenye afya, imekazwa vizuri na kulazwa, huwa karibu digrii 270 hadi 310. Ikishuka sana chini ya hapo, mara nyingi mafuta yamekauka. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kupima hilo.

Lindi mjini au Kilwa Masoko, fundi saa hukaa nyuma ya kimeza chenye kioo. Kazi yake kubwa ni betri na mikanda. Otomatiki ya bei ghali humfikia mara chache, labda kwa mgeni aliyerudi kutoka Muscat au Ulaya kwa ajili ya arusi. Lakini ana jambo ambalo kaunta ya ughaibuni imelipoteza: humhoji mwenye saa uso kwa uso. Imeanguka? Umepanda nayo bodaboda? Umevuka nayo kwenda Kisiwani? Swali la mwisho lina uzito kuliko yote, kwani katika mashua ya kutoka Masoko kwenda Kilwa Kisiwani maji ya chumvi hurukia mikono, na kitufe kisichokazwa huyaruhusu kupenya. Kutu ya chumvi ndani ya gololi hukwaruza kama mchanga.

Udhaifu wake upo kwenye vipuri na mafuta. Mafuta ya cherehani hayafai kabisa: hutambaa na kuacha vito, yaani mawe madogo yanayoshikilia ekseli za magurudumu, vikiwa vikavu. Vipuri navyo ni taabu hata Ulaya, tangu kampuni ya saa ya Swatch Group ilipoacha kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla mwishoni mwa 2015. Kutoka Kilwa Masoko kupeleka saa Dar es Salaam ni safari ya kilomita takriban 300, na Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, hata njia hiyo ilifungika.

Pengo la mashine, hata hivyo, limepungua. Zipo programu za simu zinazosikia tiki kwa kipokea sauti cha simu yenyewe: saa hulazwa juu yake usiku, feni ikiwa imezimwa, na namba hutokea. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi pamoja na siku mlio ulipoanza, saa ilikuwa imekaaje uliposikika, na kama iliwahi kuguswa na maji ya bahari. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na saa, iwe inapelekwa kwa fundi wa Lindi au kaunta ya Geneva. Na popote itakapofunguliwa, mpira wa kuzuia maji ubadilishwe kabla mfuniko haujarudishwa.