Kioo cha pikipiki na kifua cha mtoto: asubuhi ya Julai Mjimwema

SONGEA. Mwezi Julai, mtaa wa Mjimwema huchelewa kuamka. Ukungu bado umekaa juu ya mabati, moshi wa kuni unapanda polepole kutoka jikoni, na wauza maandazi wamejifunga khanga mbili mbili mabegani. Mahindi yamevunwa, yanasubiri kupukuchuliwa. Anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza hutoka na sweta, koti na kofia ya sufu.

Mgeni kutoka Pwani hushangaa. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, jirani na milima ya Matogoro ambako Mto Ruvuma unaanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya hapa haina utani, na hakuna anayeijua vizuri kama mtu wa pikipiki.

Ndiyo maana asubuhi moja ya Jumamosi, chini ya mwembe unaotumika kama gereji, watu wanne wamesimama kuzunguka boksi lililofika kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Ndani yake kuna kioo cha kuzuia upepo. Mwenyewe ni baba wa watoto wawili, dereva wa bodaboda, ambaye amekiwekea akiba kwa miezi miwili. Pembeni yake yupo mkewe, na binti yao wa miaka mitano ambaye bado ana usingizi machoni. Wa nne ni fundi.

"Fundi, hiki ndicho kitatuondolea nimonia nyumbani," anasema baba.

Fundi anacheka kidogo, anachukua spana. Mama hacheki.

Si kioo, na si cha kubana kwa nguvu

Kwa mazoea kinaitwa kioo, lakini ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Fundi anaanza kwa kusimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, juu ya ardhi tambarare, na kunyoosha tairi la mbele. Kama usukani umepinda, anasema, kioo nacho kitakaa upande hata ukikipima namna gani.

Kioo hiki hushikwa na vyuma viwili vinavyofungwa kwenye usukani, karibu na shina la saitimira. Fundi anaweka vipande vya mpira mahali ambapo chuma kinagusana na plastiki, kisha anaingiza nati zote kwa vidole tu. Hakuna inayokazwa hadi kioo kimekaa katikati na kila upande umepimwa. Plastiki ikibanwa kwa nguvu hupasuka kuanzia kwenye tundu, na ufa huo huendelea kutembea kila pikipiki inapopita kwenye mashimo.

Kisha unakuja urefu. Baba angependa kioo kiwe juu kabisa, kimfunike hadi paji la uso. Fundi anakataa. Dereva anatakiwa atazame juu ya ukingo wa kioo, asitazame kupitia ndani yake. Vumbi la barabara za mtaani hukichubua haraka, na usiku taa ya gari linalokuja mbele hutawanyika kwenye michubuko hiyo hadi dereva haoni kitu. Ukingo wa juu unapokaa usawa wa pua au mdomo, upepo mwingi hupita juu ya kofia ngumu na macho hubaki huru.

Baada ya hapo anageuza usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Anatazama kama chuma kinagonga tangi, kama waya wa klachi umevutwa, kama bomba la breki limebanwa. Anawasha injini na kurudia. Mngurumo ukipanda wenyewe wakati usukani unageuzwa, waya wa mafuta umevutwa, na pikipiki ya namna hiyo inaweza kumkimbiza dereva kwenye kona. Mwisho anahakikisha taa kubwa na indiketa hazijafunikwa.

Kazi yote inachukua chini ya saa moja. Maelekezo ya mwisho ni ya kuoshea: maji, sabuni na kitambaa laini. Petroli na thina, ambazo mafundi wengi hupenda kusafishia kila kitu, hutia plastiki ukungu na kuifanya ikatike. Na baada ya siku mbili tatu za barabara mbovu, nati zikaguliwe tena.

Upepo una madhara yake

Baba hakukosea kutaka kioo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo unaompiga dereva huongezeka mara nne. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa, hewa ya nyuzi 10 inapompiga mtu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi huhisi kama iko kwenye nyuzi 5.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa dereva. Vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kukamata breki. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hutembea karibu mita 17 kila sekunde moja. Kuchelewa nusu sekunde ni kusogea mita nane zaidi kabla breki haijaanza kufanya kazi, na mita nane zinatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara.

Kioo hupunguza pia uchovu wa safari ndefu, kama ile ya Mbinga, takriban kilomita 100 kutoka mjini. Huzuia wadudu na sehemu ya vumbi, jambo ambalo mwenye pumu hulithamini. Wazo lenyewe si geni duniani. Nchini Marekani, Craig Vetter alianza kuuza bodi yake ya mbele iliyoitwa Windjammer mwaka 1971, na waendesha pikipiki wa safari ndefu wakaipokea.

Lakini kioo kina gharama yake. Upepo wa ubavuni, au ule unaoachwa na lori likipita, hukikamata kama tanga la mashua na kuusukuma usukani. Ndiyo maana fundi anamtuma baba akajaribu kwanza polepole, kwenye barabara anayoijua, bila abiria.

Lawama aliyobebeshwa upepo

Baba anapoondoka kwenda kujaribu, mama anasimulia kisa kilichowafikisha hapa.

Julai iliyopita binti alianza kukohoa. Kila asubuhi alikuwa akipelekwa shule ya awali kwa pikipiki, amekaa mbele juu ya tangi, kifua wazi kwa upepo. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba ni upepo. Akapakwa dawa ya kuchua, akavalishwa sweta la pili, akapumzishwa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Siku ya nne mama aliona mbavu za mtoto zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi. Akambeba hadi kituo cha afya.

"Muuguzi aliniuliza, mama, ulisubiri nini? Nikamwambia, nilijua ni upepo tu, utaisha," anasema.

Mtoto alipona. Lakini swali lile halijamtoka mama, na ndilo linalomfanya asicheke fundi anapocheka.

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Huletwa na vimelea, vikiwemo bakteria na virusi, ambavyo hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine hasa kwa kikohozi na chafya. Upepo wa asubuhi peke yake hauwezi kuileta. Msimu wa baridi huleta mafua mengi kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni watu kujazana ndani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani kote.

Kinachomkinga mtoto kinajulikana. Kwanza ni chanjo. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa katika ratiba ya kawaida nchini mwaka 2013, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Pili ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, na lishe nzuri baada ya hapo. Tatu ni hewa safi ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi wa kuni na mkaa huongeza hatari ya mtoto kupata nimonia.

Hili la tatu lina uzito wa pekee katika mji wa baridi kama Songea. Familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto kabla ya kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kinaweza kuua watu wakiwa usingizini. Blanketi la ziada ni salama zaidi kuliko jiko.

Na mtoto akishaanza kukohoa, mzazi ahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa wa miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto anayepumua haraka hivyo, ambaye kifua kinabonyea ndani, anayeshindwa kunyonya au kunywa, aliyepata degedege au ambaye haamki vizuri, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nafasi ya kwenye tangi

Pikipiki inarudi. Baba anatabasamu, kifua, anasema, hakijasikia kitu. Binti naye ameshaamka kabisa. Anakimbilia pikipiki, anashika tangi, tayari kupanda mahali pake pa siku zote.

"Sasa hapo mbele patakuwa pazuri kwake," anasema baba.

Fundi ndiye anayejibu. "Hapana, kaka. Sasa ndiyo pabaya zaidi."

Mtoto anayekaa juu ya tangi hana cha kushika isipokuwa usukani. Pikipiki ikisimama ghafla, yeye ndiye anayetangulia, na uzito wa baba unamfuata mgongoni. Kabla ya leo mbele yake kulikuwa na usukani. Kuanzia leo kuna pia plastiki ngumu yenye ukingo, na vyuma viwili usawa wa uso wake. Kioo kilichonunuliwa kumkinga kifua kinaweza kumuumiza kichwa.

Kanuni za leseni za usafirishaji wa pikipiki za mwaka 2010 zilikataza pikipiki ya abiria kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Wapo wanaoiona sheria hiyo kama kero, na mishikaki ya asubuhi, baba mbele, watoto wawili katikati, mama nyuma, bado huonekana kwenye miji mingi. Lakini miguu ya mtoto mdogo haifiki kwenye vikanyagio, mikono yake haina nguvu ya kujishikilia, na kofia ngumu nyingi zinazouzwa ni za kichwa cha mtu mzima. Uhakiki wa tafiti uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo inahitaji kofia inayokaa vizuri na iliyofungwa mkanda.

Baba ananyamaza. Anatazama kioo chake kipya, kisha mtoto, kisha mkewe.

"Shule ni dakika ngapi kwa miguu?" anauliza.

"Kumi na tano. Ishirini akiokota mawe," anajibu mama.

Jumatatu asubuhi ukungu umerudi kama kawaida. Mama na binti wametoka mapema kidogo kuliko walivyozoea, mkono kwa mkono, mtoto amevaa sweta na kofia ya sufu, pumzi zao zikitoka kama moshi. Nyuma yao inasikika pikipiki. Baba anapunguza mwendo, anapita upande wa pili wa barabara ili asiwatimulie vumbi, anapiga honi mara moja na kuendelea kuelekea kijiweni.

Binti anapunga mkono, kisha anainama kuokota jiwe.