Rungwe, Darasa la Monica Wilson

Gari likishaiacha Uyole na kuanza kuupanda Uporoto, abiria hufunga madirisha bila kuambizana. Baridi ya Isongole haimbembelezi mtu. Kando ya barabara magunia ya viazi yamepigwa lumbesa. Ukiteremka Kiwira, viazi vinaipisha migomba, na kabla ya kuingia Tukuyu, chai imekwisha kutandaa vilimani. Mkono wa kushoto unasindikizwa na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, kilele kikiwa ndani ya wingu. Huku mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa volkano hauinyimi mbegu kitu.

Nimekuja kumkumbuka mwalimu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, mwaka 1908, alifariki dunia Oktoba 1982. Alifundisha Fort Hare, kisha Rhodes, na tangu 1952 hadi 1973 Chuo Kikuu cha Cape Town. Lakini kabla ya kuwafundisha wengine, yeye mwenyewe alifundishwa hapa. Tangu 1935 hadi 1938, akiwa na mumewe Godfrey, aliishi kati ya Wanyakyusa, wenyeji wa huku, akajifunza lugha yao na kuwasikiliza. Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani wao, aliandika maelezo ya watu kwa Kinyakyusa. Bila mkono wake vitabu alivyoandika Monica visingekuwa kama vilivyo.

Alichokikuta kilimshangaza. Wavulana wa miaka kumi hivi waliacha kulala kwa baba zao, wakajijengea vibanda vyao pembeni ya kijiji. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, na shamba walilima la baba, ila usiku ulikuwa wao na rika lao. Walikua pamoja, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani. Moyo wa maisha hayo uliitwa ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, mkala, mkanywa, mkazungumza, kila mmoja akaondoka na busara ambayo hakuja nayo. Kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji hivyo vya rika kilipewa jina lililotokana na neno hilo.

Godfrey alifariki mwaka 1944, akamwachia watoto wawili wa kiume na lundo la madaftari ya Rungwe. Monica akaendelea kufundisha na kuandika, kitabu baada ya kitabu. Archie Mafeje alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1963 majina yao yalikaa pamoja kwenye jalada la kitabu kuhusu Langa, mtaa wa Waafrika mjini Cape Town. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshika nchi, na mwalimu mzungu akamweka mwanafunzi wake mwafrika kuwa mwandishi mwenzake. Mimi nauona ukwangala wa Rungwe pale.

Vijiji vya rika havipo tena. Ardhi imebana, chai na kahawa zimeshika nafasi, vijana wamekwenda mbali kutafuta kazi. Ukwangala haujaondoka. Nje kidogo ya Tukuyu, bibi mmoja alinipokea kwenye ua uliofagiliwa hadi ukabaki na mistari ya ufagio. Akanisogezea kigoda, akaita mjukuu. Msichana akaja na sahani ya mbalaga, yaani ndizi za kupika, inayofuka moshi, akachuchumaa kidogo, akanipa kwa mikono miwili. Nikasema, “Ndaga,” yaani asante. Bibi akacheka kwa furaha, akaitikia, “Ndaga fijo!” Tulikaa mpaka ukungu ukashuka mlimani, na hakuna aliyeniuliza nitaondoka saa ngapi.

Ndipo nilipomwelewa mwalimu yule. Elimu yake ilianzia kwenye ua kama huu, kwa mtu aliyekubali kukaa na kusikiliza.

Msomaji, ukifika Tukuyu usiishie kupiga picha Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba lililojengwa na maumbile. Omba kigoda, kaa na wazee, na uyaandike wanayokwambia, maana wao nao wanaondoka mmoja mmoja.